Mashati ya Bwenini

Habari za pipa ziliingia nyumbani kwa mpiga pasi pamoja na gunia la mkaa. Muuza mkaa alilitua mlangoni, akajinyoosha mgongo, akauliza kama ni kweli binti amechaguliwa kwenda sekondari ile ya geti la bluu.

"Ni kweli," akasema mpiga pasi, huku akijitahidi asitabasamu kupita kiasi.

"Hongera, dada. Hongera sana." Muuza mkaa akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuvuka barabara. "Ila umwangalie. Kule wageni wanatiwa pipani."

"Pipa gani?"

"La maji. Kidato cha kwanza wakifika tu, wale wakubwa wanamshika mtoto miguu, kichwa chini, mpaka aahidi kuwatumikia. Kuna mmoja alitolewa humo hasikii sikio moja mpaka leo."

"Mtoto wa nani?"

"Anakaa jirani na shemeji yake yule mama wa nyanya. Jina silijui. Lakini habari ni ya kweli, maana aliyenieleza alikuwa analia."

Muuza mkaa akasukuma toroli lake akaenda zake, pipa akaliacha. Mpiga pasi alilikuta mezani alipokuwa akikunja mikono ya mashati, akalikuta kwenye sufuria alipokuwa akikoroga. Siku hiyo aliunguza kola ya mteja, jambo ambalo tangu aanze kazi hiyo halijapata kumtokea, akabaki ameshika pasi hewani, majivu yakidondoka juu ya blanketi kuukuu alilotandika mezani.

Mumewe alikuwa kinyozi, mwenye kibanda cha kioo kimoja na kiti kimoja kando ya barabara. Alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa.

"Mke wangu, pale kwenye kiti changu nasikia habari za watu kufa, na kesho yake marehemu anakuja kunyolewa."

"Na sikio la yule mtoto?"

"Sikio hilo limeshahama vichwa vingapi? Juzi kwa mteja wangu lilikuwa jicho."

"Cheka tu. Wewe hujazaa, mtoto nimekuzalia mimi."

Lakini kucheka kwake hakukumsaidia mkewe. Mpiga pasi alisoma mpaka mwisho wa shule ya msingi, basi. Sekondari kwake ilikuwa jengo la kupita kwa nje, ukuta mrefu na sauti za watoto ndani. Hakujua kengele inalia mara ngapi, wala nani anamwamuru nani. Na mtu asipojua mahali palivyo, akiambiwa humo mna pipa, pipa ndilo litakalokuwa kitu pekee anachokiona.

Binti mwenyewe aliitwa Chiriku, jina la utani alilopewa na baba yake kwa sababu ya mdomo. Alikuwa akiongea akila, akioga, na akiota. Jioni hiyo alikuwa akijaribu sketi yake mpya mbele ya kipande cha kioo na kuuliza maswali bila kungoja majibu: huko kuna mwalimu mmoja au wengi? Wengi? Sasa ukimzoea huyu na anaondoka, unafanyaje? Mama yake alimtazama yale masikio mawili madogo.

*

Mtaani kulikuwa na msichana mmoja aliyesoma shule ile. Ni binti wa fundi cherehani wa mwisho wa mtaa. Alikuwa kidato cha nne, analala bwenini, si wa kutwa kama atakavyokuwa Chiriku, na ndiye kiranja wa bweni. Msichana wa adabu, anayeshusha macho akisalimia. Likizo ilikuwa inaisha, naye alipita kuchukua sketi zake zilizopigwa pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu kaa kidogo." Mpiga pasi aliegemeza pasi kwenye kigae, akavuta kiti, akasogea karibu. "Nataka nikuulize kitu, na usinifiche. Lile pipa lipo?"

"Pipa, mama?"

"La kuwatia wageni. Nyuma ya bweni kule."

Kiranja akaitazama pasi. Akalitazama rundo la nguo za watu lililokunjwa vizuri, kona kwa kona. Akamtazama Chiriku aliyekuwa mlangoni akimwambia jirani asiyeonekana habari za viatu vyake. Halafu akashusha sauti.

"Mama, mambo ya shuleni hatutakiwi kuyatoa nje."

"Mungu wangu. Kumbe lipo."

"Ila mimi nikiwepo hakuna atakayemgusa. Usiwe na wasiwasi kabisa."

Mpiga pasi alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Alimshika yule msichana mikono yote miwili. Akatafuta cha kumpa, na alichokuwa nacho ni pasi. "Basi mashati yako usihangaike nayo. Kila Ijumaa mpe Chiriku aje nayo, Jumatatu utayapata yamenyooka kama karatasi. Mimi na wewe hatudaiani."

Akamwita binti yake.

"Unamwona dada yako huyu? Huko shuleni yeye ndiye mama yako. Neno lake ni neno langu. Akikwambia kaa, kaa. Akikwambia nenda, usimwulize wapi."

"Na akiniambia nisile?" akauliza Chiriku.

"Hutakula, na utanyamaza."

Wote watatu wakacheka. Kiranja ndiye aliyecheka kwa muda mrefu zaidi.

*

Wiki za kwanza zilikwenda vizuri, au mpiga pasi aliona hivyo, maana kila jioni alikuwa akimgeuza mtoto kichwa huku na huku chini ya dirisha, akichungulia masikio. Masikio yalikuwa salama. Ijumaa Chiriku alirudi na mashati mawili kwenye mfuko wa nailoni, yamefuliwa na kukauka tayari. Mama yake aliyapiga pasi kwa moyo mkunjufu kuliko nguo za wateja wanaolipa.

Halafu yakawa manne. Halafu mfuko mmoja haukutosha.

"Haya yote ni ya dada?"

"Ni ya dada na wenzake wa bwenini."

Kinyozi alichungulia lile rundo. "Huyu kiranja ana vifua vingapi?"

"Niache, baba Chiriku. Wenzake nao wanamlinda mtoto. Kila shati hapa ni jicho moja la kumwangalia."

Ndivyo alivyoamini. Wateja wake wa kawaida walianza kusubiri nguo zao. Mmoja, karani wa ofisi, alikuja akakuta suruali yake bado imekunjwa kama ilivyoletwa, akasema mbele ya watu, "Mama, kama kazi imekushinda, sema tutafute mwingine." Mpiga pasi aliyameza maneno hayo bila maji. Mkaa uliisha kabla ya wakati wake. Yote hayo aliyavumilia, akijiambia kwamba mtoto analala akiwa na masikio yake mawili.

Jambo moja tu lilibadilika, nalo lilibadilika polepole kiasi kwamba hakuweza kusema lilianza lini. Chiriku aliacha kuongea. Alikuwa akirudi, anavua viatu, anakaa. Ukimwuliza mmejifunza nini leo, anajibu, "Mambo mengi." Mpiga pasi aliwaambia majirani kwamba mtoto amekua, sekondari imemtuliza. Majirani wakamsifia. Soksi zilikuwa zikirudi na tope, na kwa soksi hizo Chiriku aligombezwa karibu kila siku: msichana mkubwa, anacheza wapi? Vidole vilimpasuka kwenye maungio. Akasema ni chaki. Mama yake akampaka mafuta, akakubali kwamba ni chaki, maana yeye angejuaje chaki ya sekondari ni ya namna gani?

*

Simu ya shule iliita Ijumaa mchana. Mpiga pasi alijifuta mkono akapokea kwa heshima, akisimama wima kana kwamba mpigaji anamwona.

"Ni mama mzazi? Mimi ni mwalimu wa darasa wa binti yako. Mama, mtoto wako hahudhurii vipindi vya baada ya chakula cha mchana. Vipindi vya hesabu karibu muhula mzima hajakaa darasani. Jumatatu uje naye. Utoro wa namna hii, shule inampa mwingine nafasi."

"Mwalimu, mwanangu anatoka hapa kila siku asubuhi..."

"Asubuhi yupo, mama. Nazungumzia mchana."

Kinyozi alifunga kibanda chake mapema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Kuna mvulana," akasema. "Binti hanyamazi hivi hivi. Na wewe ulisema amekua. Haya, amekua."

"Usimtie mtoto maneno mdomoni."

"Basi mchana anakwenda wapi?"

Chiriku akaingia. Mifuko miwili ya mashati mikononi, soksi zimelowa. Akaona wazazi wake wote wawili wamekaa, akasimama hapo hapo mlangoni.

"Ukitoka kula mchana unakwenda wapi?" baba yake akauliza.

Chiriku akaiweka mifuko chini.

"Nakuuliza wewe! Yuko wapi huyo mtu? Anaitwa nani?"

"Hakuna mtu, baba."

"Hakuna mtu, na darasani hakuna mtu. Wewe upo wapi?"

Mpiga pasi hakuweza kuvumilia kutazama. Mikono yake, ambayo haikujua kukaa bure, ikauvuta mfuko mmoja, ikatoa shati, ikalitandaza mezani. Likaja na mikunjo yake ya kukamuliwa, ile inayobaki kwenye pamba nguo ikianikwa bila kukung'utwa. Mkono ukapita juu yake kuinyoosha, ukasimama.

Mikunjo ilikuwa imelala upande usio wake. Watu wengi hukamua nguo wakisokota kuelekea kulia, na mikunjo huinama ilivyosokotwa. Hii ilikuwa imeinamia upande wa pili. Akatoa shati lingine. Vilevile. La tatu, la nne, makubwa na madogo, ya mabega mapana na membamba, yote yameinama upande ule ule. Katika nyumba ile, na kwa kadiri alivyojua katika mtaa mzima, mtu mmoja tu alikuwa akikamua nguo hivyo, naye alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu tangu alipoanza kushika kijiko. Ijumaa zote hizo alikuwa akiinyoosha mikunjo hiyo kwa pasi ya moto, akiwaza pipa, asiitazame.

"Chiriku," akasema taratibu. "Nani anafua haya?"

Mtoto akatazama chini.

"Ni wewe."

"Baada ya chakula bomba linakuwa na nafasi," akasema Chiriku. "Na matroni anakuwa amelala."

"Bweni zima?"

"Chumba cha dada tu. Wenzake wanamlipa yeye biskuti na sabuni."

Kinyozi aliruka. "Na wewe kwa nini husemi? Una mdomo wa nini?"

Chiriku hakumtazama baba yake. Alimtazama mama yake, na ndipo machozi yakamtoka, bila kelele.

"Mama ulisema neno lake ni neno lako. Ulisema nisiulize." Akafuta pua kwa mkono wenye nyufa. "Na alisema nikikataa, au nikisema, nitatiwa pipani. Nyuma ya bweni."

Mkaa ulikuwa ukipoa ndani ya pasi. Mpiga pasi alitaka kumshika mtoto, akaogopa kwamba mtoto atarudi nyuma, akabaki ameshika shati la mtu asiyemjua.

*

Jumatatu alivaa gauni lake la harusi za watu. Getini mlinzi alimwuliza anamtaka nani, naye akataja mwalimu wa darasa.

"Utoro?" mlinzi akauliza kwa sauti.

"Nimeitwa tu."

"Wazazi wa watoro wanakaa upande ule." Akamwonyesha benchi lililokuwa juani. Wanafunzi walipita wakiwatazama mama na binti, na mifuko miwili katikati yao. Mpiga pasi aliinamisha kichwa. Alitambua kola alizozinyoosha yeye zikipita, nyeupe, zimesimama vizuri shingoni mwa wasichana wakubwa, na hakuna hata mmoja aliyemsalimia, kwa kuwa hakuna aliyemjua.

Mwalimu alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya uchovu. Alisikiliza, akatuma kiranja aitwe. Kiranja akaja, akashusha macho.

"Shikamoo, mama."

Safari hii mpiga pasi hakuitikia.

"Huyu anasema anakufulia nguo wakati wa vipindi," mwalimu akasema. "Wewe uliniambia anatoroka kwenda nyumbani."

"Mwalimu, mimi sijamlazimisha mtu." Kiranja alizungumza kwa utulivu, kama anayesoma tangazo. "Mama mwenyewe alinikabidhi mtoto. Alimwambia anitii kama yeye, asiulize. Na nguo anazipiga pasi mama mwenyewe, kila wiki. Mwulize kama nasema uongo. Mimi nilijua ni makubaliano ya nyumbani."

Mwalimu akageuka. "Ni kweli, mama?"

Kulikuwa na njia nyepesi ya kutokea, na mpiga pasi aliiona. Angeweza kusema hapana. Nani angemwamini mtoto wa shule kuliko mzazi? Lakini akisema hapana, hakukuwa na makubaliano, na kama hakukuwa na makubaliano basi mwanawe alifua kwa hiari yake na kukimbia hesabu kwa hiari yake, na nafasi yake ingepewa mwingine. Chiriku alikuwa amesimama pembeni, anatazama sakafu. Hakuonyesha kwamba anangoja msaada wa mtu yeyote.

"Ni kweli," akasema. "Nilimkabidhi. Nilisema hivyo hivyo anavyosema. Nilifurahi mashati yalipoongezeka, mwalimu. Nilidhani nanunua ulinzi. Mtoto hakutoroka. Alinitii mimi."

Akamtazama kiranja. "Lakini na wewe, mwanangu, kumtishia mtoto na pipa?"

"Pipa gani?" mwalimu akauliza.

"La kuwatumbukizia wageni. Lipo nyuma ya bweni."

"Mama, nimefundisha hapa miaka. Hapa kuna bomba na tangi la juu ya paa. Pipa sijawahi kuliona." Akamgeukia kiranja. "Habari hii umeitoa wapi?"

Kwa mara ya kwanza kiranja aliinua macho. Hakuonekana mkorofi. Alionekana mtoto wa mtu, aliyeokota kitu njiani akakitumia.

"Kwa mama," akasema. "Yeye ndiye aliyeniambia lipo. Hata mahali alinitajia yeye."

Mpiga pasi alishika ukingo wa meza. Alikumbuka maneno yake mwenyewe, nyuma ya bweni kule, maneno ambayo hata muuza mkaa hakuyasema. Aliyaongeza yeye, kutoka kwenye hofu yake, akamkabidhi kiranja pamoja na mtoto.

Mwalimu alimtuma kiranja kwa mwalimu mkuu. Akasema Chiriku ataendelea na masomo, ingawa hesabu za muhula mzima hazitajifundisha zenyewe. Akafikiri kidogo. "Nitamtafutia msichana wa kidato cha pili, mtulivu, amwelekeze."

"Ndiyo, mwalimu," mpiga pasi akadakia. "Mtafutie, nitashukuru sana, na mimi nita..."

"Hapana," akasema Chiriku.

Wote wawili wakamtazama.

"Sitaki dada mwingine. Nataka kukaa mbele nione ubao." Akasita, akaionyesha mifuko kwa kidevu. "Na hayo sirudishi mimi."

Mwalimu akampeleka darasani. Chiriku hakugeuka nyuma. Mpiga pasi akaibeba mifuko mwenyewe, mashati hayajapigwa pasi, akaulizia bweni, akaiacha juu ya kitanda cha kwanza alichokikuta. Angeweza kuondoka hapo. Badala yake alizunguka nyuma ya jengo, maana hata sasa hakuwa amemwamini mwalimu.

Hakukuwa na pipa. Kulikuwa na bomba linalodondoka, tope, na jiwe bapa. Mbele ya jiwe ardhi ilikuwa na mashimo mawili madogo, yaliyochimbwa na magoti.

*

Mzazi ambaye mwanawe anatoka shule ya msingi kuingia sekondari, aepuke haya:

Kuingiza nyumbani habari ya mtoto ambaye hakuna anayemjua.

Kumwuliza mtu swali la kutisha huku unampa na jibu.

Kumwambia mtoto amtii mtu yeyote bila kuuliza, awe kiranja, awe ndugu, awe mwalimu.

Kumlipa mtu kwa kazi usiyoiona ikifanyika.

Kugombeza soksi zenye tope kabla ya kuuliza tope limetoka wapi.

Kumsifu mtoto msemaji kwa kunyamaza.

Kungoja simu ya shule ndipo ujue sauti ya mwalimu wake.

Kuogopa geti kwa sababu wewe hukusoma humo.

Kumtafutia mtoto mlinzi wa pili baada ya wa kwanza, kabla hujamwuliza yeye anataka nini.

Kukaa kimya mbele ya mwanao, siku utakapojua kwamba aliyekosea ni wewe.